Ambari, Asmini na Karafuu: Habari za Manukato na Watu wa Nyasa

Wasomaji wetu, katika maduka ya nchi zetu hupatikana siku hizi chupa ndogo za manukato matamu, yenye nguvu hata mtu aliyejitia asubuhi hutambulikana jioni. Ukiyanusa, kwanza wasikia harufu ya tunda, kana kwamba embe bivu au chungwa limemenywa karibu nawe. Tunda halikai sana. Nyuma yake laja ua, asmini au waridi. Na tunda na ua vikiisha kupita, hubaki katika nguo harufu ya tatu, ya joto na utamu mzito, nayo huitwa ambari. Jambo hili halina uchawi. Vitu vyepesi huruka upesi hewani na vizito hukawia. Mtengenezaji ajua tabia hiyo, naye hupanga vitu vyake kama mtu apangavyo kuni, nyingine za kuwasha moto na nyingine za kukesha.

Huenda msomaji akauliza, Manukato yana nini na habari za kale za watu wa Mbinga na wa pwani ya ziwa? Twajibu ya kuwa yana mengi, tena mengine si mazuri kusikia. Kwa maana njia ile ile iliyoleta nguo na shanga kutoka Kilwa hata Nyasa ndiyo iliyowachukua watu kwenda kutumika katika mashamba yaliyonukia. Lakini na tuanze na ambari yenyewe, kwa sababu jina hili huwapoteza wengi.

Wazungu wana jina moja kwa vitu viwili visivyo na udugu. Kimoja ni utomvu wa miti ya kale sana uliogeuka jiwe la rangi ya asali, ambalo hufanywa shanga. Sisi twaliita kaharabu. Cha pili hutoka baharini, nacho ndicho ambari ya kweli. Waswahili, waliojifunza biashara hii kwa Waarabu na Waajemi, hawakuchanganya mambo hayo mawili kamwe, na katika hili lugha yetu yawashinda Kiingereza na Kifaransa. Tena pwani yetu yenyewe ina kitu cha jamii ya kaharabu, yaani sandarusi, iliyochimbwa mchangani nyuma ya miji ya pwani na kupelekwa Ulaya na Marekani kufanywa vanishi.

Ambari ya kweli hutoka tumboni mwa nyangumi. Si kila nyangumi, ila yule wa aina moja tu, mwenye kichwa kikubwa kama sanduku, azamaye kilindini kuwinda ngisi. Ngisi ana mdomo mgumu kama wa kasuku, nao hausagiki tumboni. Katika nyangumi wachache midomo hiyo hukusanyika matumboni, na mwili hufanya kitu kama nta kuifunika. Donge hilo likitoka, huelea juu ya maji. Hapo kwanza ni jeusi na lanuka vibaya, kama samadi. Bahari yalichukua miezi au miaka. Jua na maji ya chumvi hulibadili rangi hata likawa la kijivu, pengine jeupe, na uvundo wake wageuka harufu nzuri ambayo ni vigumu kuisimulia: ya bahari, ya mti mkavu, tena ya utamu kidogo. Kisha wimbi lalitupa ufukoni, na mvuvi mwenye bahati aliokota.

Habari hizi za ambari ya pwani yetu ni za zamani sana. Mchina mmoja, Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863, aliandika juu ya nchi aliyoiita Bobali, ambayo wataalamu wengi waiweka upande wa Somalia, akasema mali zake ni pembe za ndovu na ambari. Wachina hawakujua yatoka wapi, wakaiita kwa jina la mate ya joka. Baadaye kidogo alikuja Mwarabu msafiri, al-Masudi wa Baghdad. Yeye aliijua bahari ya Zinji kwa macho yake mwenyewe. Safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi wadhani ni Pemba, ilikuwa karibu na mwaka 916. Asema ya kuwa ambari bora hupatikana katika visiwa na fuko za Zinji na katika pwani ya Shihri huko Arabuni. Iliyo nzuri ni ya mviringo, ya rangi ya buluu hafifu, na donge laweza kufikia ukubwa wa yai la mbuni. Aeleza pia jinsi samaki mkubwa aimezavyo akafa, na watu wa Zinji humvuta kwa kamba na vyusa, wakampasua, lakini ambari ya tumboni hunuka. Twaona ya kuwa aliligeuza jambo, akidhani nyangumi aila ambari iliyo baharini, kumbe nyangumi ndiye aifanyaye. Hata hivyo hakukosa mnyama. Asimulia tena habari za ngamia wa Wamahra, waliofundishwa kutembea ufukoni usiku na kupiga magoti wakiisikia harufu yake. Sisi tusio na ngamia twasoma habari hii kwa furaha tu.

Basi ambari ilikuwa mali ya wafalme. Watu wa kawaida wa pwani walikuwa na manukato mengine, na ustadi wao ulikuwa katika kuchanganya. Udi ni vipande vya mti wa manukato kutoka Bara Hindi na nchi za mbele yake. Wanawake huupika pamoja na sukari na marashi, wakatia miski au ambari kidogo kwa mwenye nazo, kisha huutia katika chetezo juu ya makaa, na nguo hutandazwa juu upate kuingia moshi. Sukari ndiyo iletayo utamu ule mzito. Ya pili ni marashi ya mawaridi, ambayo hurashiwa wageni kwa mrashi wa shingo ndefu. Ya tatu ni maua mabichi: asmini, kilua, mkadi na rihani, yafungwayo kuwa vikuba na kuvaliwa kifuani, au yatungwayo koja. Tena kuna liwa ya kupaka, na dalia, na tibu. Hata zabadi ilitumika, itokayo kwa ngawa; na ngawa huyu si mgeni katika misitu ya Ruvuma, ila kwetu ajulikana kwa kuiba kuku kuliko kwa harufu njema.

Msomaji aliyekulia Umatengo asiyeijua asmini na akumbuke shamba la kahawa mvua za kwanza zikiisha kunyesha. Kahawa iliingia milima ile kuwa zao la biashara katika miaka ya 1920, na maua yake meupe hufunguka yote pamoja siku mbili tatu, hata mteremko mzima wanukia. Harufu ile na ya asmini ni karibu moja.

Wala kazi ya kuchanganya si ya juzi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 30, chataja vitu vinne vya uvumba mtakatifu kwa kipimo kilicho sawa, na kumkataza mtu kujitengenezea mfano wake apate kuunusa. Twajua kwa hiyo ya kuwa watu wengine walitamani kufanya hivyo.

Juu ya manukato ya jumba la kifalme la Unguja tunaye shahidi aliyezaliwa ndani yake. Ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kilipigwa chapa katika Kijerumani. Humo aeleza habari za mavazi na manukato, na jinsi wanawake wa jumba walivyopenda kujifukiza na kulala penye harufu ya maua. Asoma mtu akaona uzuri mwingi. Asome polepole, ataona pia mikono iliyochuma maua yale, na mikono iliyoshika chetezo. Mikono ile ilikuwa ya watumwa. Mwandishi mwenyewe hakuona haya kuutetea utumwa katika kitabu hicho, na katika jambo hili hatuwezi kumfuata.

Sasa twafika kwetu. Katika karne ya 19 bidhaa za pwani zilipanda kutoka Kilwa Kivinje kwa njia ya Uyao na Ungoni hata ziwani: nguo za merikani na kaniki, shanga, masango, baruti. Zilizoshuka ni pembe na watu. Ng'ambo ya ziwa, huko Kota Kota katika nchi ambayo sasa ni Malawi, alikaa Jumbe, mtu wa asili ya pwani, na majahazi yake yalivusha watumwa hata upande wetu wa mashariki. David Livingstone, alipopita huko mwaka 1861, alikuta Waarabu wakiunda jahazi jipya badala ya moja lililovunjika. Upande wetu Wangoni walikuwa wameingia na vita vyao. Wamatengo walijikusanya milimani, wakashikilia kilimo cha ngoro katika miteremko mikali ambako adui hapandi kwa urahisi, na watu wa ufukoni wengi walijenga majabalini na visiwani. Kikole palikuwa kituo cha wafanyi biashara wa pwani, na jina la Rashid bin Masoud lajulikana katika habari za mahali pale. Mtu aliyekamatwa alihesabiwa kwa mikono ya nguo, na bei yake ya ziwani ilikuwa ndogo sana karibu na bei yake ya Unguja. Tofauti ile ndiyo iliyowalipa wote waliokaa njiani.

Ni wangapi waliokwenda? Livingstone aliambiwa na Kanali Rigby, balozi wa Uingereza katika Unguja, ya kuwa watumwa 19,000 kutoka nchi ya Nyasa peke yake walipita kila mwaka katika forodha ya kisiwa kile. Hesabu hii ni ya waliofika na kulipiwa ushuru. Waliokufa njiani kwa njaa na kwa nira, au waliopitishwa kwa siri, hawamo.

Walikwenda kufanya nini? Wengi walikwenda kwenye karafuu. Mkarafuu si mti wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Wafaransa waliuleta katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko uliletwa Unguja karibu na mwaka 1818. Jina litajwalo ni la Mwarabu, Saleh bin Haramil al-Abri. Seyyid Said alipouona unakubali udongo, aliwahimiza watu kuupanda, na baada ya miaka michache Unguja na Pemba ziligeuka nchi ya karafuu. Mti huu hauhitaji jembe sana, wahitaji mikono. Maana karafuu ni ua ambalo halikuachwa kufunguka. Yapasa kulichuma likiwa bado kichwa kimefumba, shina moja mara nyingi kwa msimu, kwa kupanda juu na kuvuta matawi. Kisha kuyachambua vikonyo na kuyaanika juani. Likifunguka, limeharibika. Msimu ukiwa mzuri mwenye shamba alitaka watu wengi, upesi, na watu hao walinunuliwa Kilwa. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba iliponea, na tangu siku zile Pemba ndiyo iliyotangulia katika zao hili.

Twasema ya kuwa karafuu ni jambo la manukato, si la pilau tu. Mafuta yake hutiwa katika manukato tangu zamani, nayo yana kazi nyingine iliyofichika zaidi. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, waligundua jinsi ya kutengeneza harufu ya vanila bila vanila, nayo yaitwa vanilini. Baadaye kidogo ilionekana ya kuwa mafuta ya karafuu yafaa sana kwa kazi hiyo, na kwa miaka mingi vanilini ilitoka humo. Na vanilini ni nini katika chupa tuliyoitaja mwanzo? Ndiyo sehemu kubwa ya utamu wa harufu ya tatu. Kwa maana ile wauzaji waiitayo ambari leo, mara nyingi haina nyangumi hata kidogo. Ni vanila pamoja na utomvu wa miti. Hivyo bibi wa Paris katika mwaka 1900, akijitia manukato ya joto na tamu, huenda alijitia kitu kilichoanzia katika mkarafuu wa Pemba, uliopandwa na mtu aliyeletwa kutoka ziwa letu. Sisi twaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko habari zote za ngamia.

Vanila nayo ina habari yake ya namna hiyo. Mmea huu wa Meksiko ulichipuka katika kisiwa cha Réunion lakini haukuzaa vizuri, kwa kuwa nyuki wa kwao hawakuwako. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, aliyeitwa Edmond, aligundua njia ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake hutumika hata leo Madagaska, Komoro na Uganda. Alipowekwa huru mwaka 1848 alipewa jina Albius. Alikufa maskini mwaka 1880. Visiwa vya Komoro vilipata tena mlangilangi, ambao maua yake ya manjano hukamuliwa kwa mvuke, na mafuta yake huingia katika manukato mengi ya Ulaya.

Tunda twalipitia upesi. Chungwa na ndimu zina mafuta katika maganda, lakini embe, nanasi au pichi hayana mafuta ya kukamua. Harufu yake hutungwa na wanakemia. Ya pichi ilijulikana mwaka 1908, na mwaka 1919 Guerlain wa Paris aliitia katika Mitsouko, manukato yauzwayo hata sasa. Kuhusu ambari, mwaka 1950 kampuni ya Firmenich ya Geneva ilitoa kitu chenye harufu yake, kilichofanywa kwa mmea mmoja wa jamii ya rihani. Tangu hapo mtengenezaji hakumhitaji tena nyangumi. Laiti kemia ingalitangulia miaka mia, twadhani. Lakini karafuu zilitakiwa kuliwa pia, na tamaa ya faida haikosi zao.

Tuwarudie watu. Daktari John Kirk alikuwa pamoja na Livingstone walipofika ziwani Septemba 1859. Alikuwa mjuzi wa mimea, na baadaye akawa balozi Unguja. Yeye ndiye aliyesimamia mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Seyyid Barghash alikubali kwa kutishwa na manowari, kwamba biashara ya watumwa kwa bahari ikome na soko lifungwe. Juu ya kiwanja cha soko lile likajengwa kanisa. Kirk alikuwa na bustani ya mimea migeni huko Mbweni, na jirani yake waliwekwa watu waliokombolewa katika majahazi. Wengi wao walikuwa Wayao na watu wa Nyasa.

Wengine katika hao walitaka kurudi kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Lindi na kundi la watu waliowekwa huru, wanaume kwa wanawake, nia yao kufika ziwani. Walitembea hata Masasi. Huko waliona milima ya mawe, udongo mzuri na maji, nao waliambiwa ya kuwa njia ya mbele haina amani. Wakaomba kukaa. Hivyo mji wa Masasi wa Wakristo ulianzishwa na watu waliokuwa wakienda Nyasa, na wengi wao hawakuliona ziwa tena. Waliobaki Unguja walikuwa wengi zaidi, nao waliitwa Wanyasa, na watoto wao vivyo hivyo, hata walipokuwa hawajui neno moja la Kinyasa.

Mwaka 1897 ilitoka amri ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mbele ya baraza kuuomba. Wengi walikwenda, wakaivua kaniki, ambayo ilikuwa nguo ya mtumwa, wakavaa kanga za rangi. Lakini amri ile haikuwahusu masuria. Hao walihesabiwa kama wake, ingawa walinunuliwa kama wengine. Na wamo waliotoka bara, waliochukuliwa wangali wasichana. Katika watumwa wote hao ndio waliofukizwa udi na kupakwa liwa, waliovaa asmini kichwani na vikuba kifuani, kwa kuwa bwana alitaka wanukie. Wao walikaa miaka kumi na miwili zaidi. Uhuru wao uliandikwa mwaka 1909.